Banda la udongo, ukuta wa mkaa au kiyoyozi: kipi kinafaa chumba chako cha uyoga?

Watu wengi wanaoanza kilimo cha uyoga huanzia mwisho. Wanauliza bei ya kiyoyozi, au wanamwita fundi aje kufunga feni, kabla hawajajua hewa ya mahali wanapoishi ina uwezo gani na aina ya uyoga wanayoitaka inavumilia joto kiasi gani. Matokeo yake mtu wa Kigamboni, Dar es Salaam, anajenga ukuta wa mkaa unaopunguza joto kidogo tu, na mtu wa Dodoma analipa bili ya kiyoyozi ambayo maji ya ndoo mbili yangeweza kuimaliza.

Nitalinganisha njia nne zinazotumika kwetu: banda la udongo lenye paa la makuti au nyasi, chumba cha tofali chenye bati na feni ya kutoa hewa, chumba chenye ukuta wa mkaa uliolowa, na chumba kilichofungwa chenye kiyoyozi. Ninaoulenga zaidi ni uyoga wa mamama (kwa Kiingereza oyster), kwa kuwa ndio unaolimwa na wakulima wengi wadogo. Uyoga wa kifungo, ule mweupe wa mviringo unaouzwa supamaketi, nitaugusa pale unapobadilisha hesabu.

Uyoga wenyewe unataka nini

Mamama ina hatua mbili, na kila moja ina hali yake ya hewa. Katika chumba cha giza, mbegu zikiwa zimeshapandwa kwenye mifuko ya mabua, majani makavu ya migomba au mapumba, utando mweupe unaenea vizuri kwenye nyuzi 24 hadi 28. Mifuko imefungwa, kwa hiyo unyevu wa hewa si jambo la kukunyima usingizi, na hewa ya ukaa ikijaa humo utando haujali. Katika chumba cha mwanga mambo yanageuka. Unyevu wa hewa uwe asilimia 85 hadi 95, hewa safi iingie kwa wingi, na mwanga uwe wa kutosha kusomea gazeti.

Hapo ndipo kazi ilipo, maana unyevu na hewa safi vinavutana. Ukifungua matundu, unyevu unatoka. Ukifunga ili kuutunza, uyoga unakosa pumzi. Hewa ya nje ina hewa ya ukaa ya takriban sehemu 420 kwa milioni. Ndani ya chumba ikipita 1,000, mamama inaanza kurefusha miguu na kudumaza kofia, ikifanana na tarumbeta. Huhitaji kununua mashine ya kupimia. Miguu mirefu na kofia ndogo maana yake hewa haitoshi. Kofia zenye kingo zilizopasuka na kukauka maana yake upepo ni mwingi au unyevu ni mdogo. Madoa ya njano au kahawia yanayoteleza ukigusa maana yake maji yanakaa juu ya kofia muda mrefu bila kukauka, na bakteria wamepata makazi. Dalili hizi tatu zina tiba tatu tofauti, na anayezichanganya huishia kufunga pale alipotakiwa kufungua.

Jambo la pili linalosahauliwa ni kwamba mfuko unajitengenezea joto. Utando unapokula mabua unatoa joto mchana na usiku, hasa katika wiki mbili za kwanza. Kipimajoto cha ukutani kinaweza kusoma 28 huku katikati ya mfuko ni 31 au zaidi, na mifuko ikirundikwa tofauti inakuwa kubwa zaidi. Joto la ndani likipita 35, utando wa mamama unasimama, na ukungu wa kijani unachukua nafasi. Kwa hiyo kabla ya kununua kifaa chochote, acha upana wa kiganja kati ya mfuko na mfuko, na usizidishe safu kwenye rafu. Hatua hiyo haigharimu chochote, na mara nyingi inapunguza joto la mfuko kuliko feni ndogo inavyoweza.

Aina ya mbegu kabla ya aina ya jengo

Hapa ndipo nina msimamo mkali. Ni rahisi zaidi kubadili mbegu kuliko kubadili hali ya hewa ya Dar es Salaam. Jina la mamama linabeba aina kadhaa ambazo hazifanani katika joto. *Pleurotus ostreatus* inazaa vizuri kwenye ubaridi, nyuzi 12 hadi 18 hivi, na kwa mtu wa pwani hiyo ni ndoto ya gharama kubwa. *Pleurotus pulmonarius*, ambayo wauzaji wengi huiita sajor-caju, inaridhika na nyuzi 20 hadi 28. Mamama ya pinki, *Pleurotus djamor*, inakwenda mpaka karibu 30, lakini inaharibika haraka baada ya kuvunwa, kwa hiyo inakutaka uwe na mnunuzi wa siku hiyohiyo. Kwa anayeishi kwenye joto hasa upo pia uyoga wa mabua ya mpunga, *Volvariella volvacea*, unaopenda nyuzi 28 hadi 35. Huu nao haupendi friji ya kawaida. Ukiuweka kwenye nyuzi 4 unalainika na kutoa maji.

Uyoga wa kifungo uko upande mwingine kabisa. Wakati wa kuzaa unataka nyuzi 16 hadi 18. Ndiyo maana Limuru ya Kenya, iliyo juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, imekuwa mahali pa kuulima, wakati Mombasa hauwezekani bila mashine.

Muulize anayekuuzia mbegu ni aina gani hasa, na usikubali jibu la "ni mamama tu". Asipojua, tafuta mwingine.

Pima hewa yako kwa vipimajoto viwili

Maji yanapooza kwa kugeuka mvuke. Lita moja ikigeuka mvuke inachukua joto linalolingana na karibu theluthi mbili ya uniti moja ya umeme. Lakini maji hayageuki mvuke kama hewa tayari imejaa unyevu. Kwa hiyo kila mahali pana kikomo ambacho maji hayawezi kukivuka, na kikomo hicho unaweza kukipima mwenyewe uani.

Chukua vipimajoto viwili vya kawaida vinavyosoma sawa. Kimoja kiache kikavu. Kingine kifunge ncha yake kwa kipande cha kitambaa cha pamba, ukiloweshe kwa maji safi, kisha simama kivulini mnamo saa nane mchana, siku ya joto la kweli, na uvipepee vyote viwili kwa kipande cha boksi kwa dakika tano hivi. Usiache kupepea mpaka kile cha kitambaa kiwe kimeacha kushuka. Namba utakayoisoma hapo ndiyo chini kabisa ambapo maji yanaweza kukufikisha. Ukuta wa mkaa uliojengwa vizuri utakufikisha juu kidogo ya hapo, nyuzi mbili hivi.

Dar es Salaam mwezi Februari, hewa ikiwa nyuzi 32 na unyevu asilimia 65, kipimajoto chenye kitambaa kitagota kwenye 26 au 27. Ongeza zile nyuzi mbili, unabaki na 28 au 29. Dodoma mwezi Oktoba, hewa ikiwa nyuzi 31 na unyevu asilimia 35, kitashuka mpaka karibu na 20. Joto la mchana ni karibu lilelile, lakini mmoja anapata nyuzi tatu na mwingine anapata tisa. Ukiwa na namba hii mkononi, nusu ya uamuzi umeshafanyika.

Banda la udongo na makuti

Kuta za miti zilizokandikwa udongo, unene wa sentimita 15 hadi 20, zinachelewesha joto. Jua la saa nane linafika upande wa ndani jioni, wakati hewa ya nje imeshaanza kupoa. Paa la makuti mazito au nyasi halipitishi joto kama bati. Sakafu ikiachwa ya mchanga na kumwagiwa maji asubuhi na mchana, inatoa unyevu taratibu bila kulowesha kofia. Ni banda la bei nafuu, fundi wake yupo kila kijiji, na halina bili ya mwezi.

Kinachoamua kama litafanya kazi ni matundu. Weka ya chini, kimo cha goti, na ya juu, karibu na paa. Hewa ya ndani ikipata joto inapanda na kutokea juu, na ya nje inaingia chini. Ukiweka ya juu peke yake, hewa ya karibu na sakafu inatuama, na mifuko ya rafu ya chini ndiyo itakayokuonyesha miguu mirefu kwanza. Kwa banda la mita 3 kwa 4, anza na matundu manne chini na manne juu, kila moja ukubwa wa tofali mbili, yenye vifuniko vya mbao unavyoweza kufungua na kufunga. Yote yawekewe neti nzuri, kwa sababu vijinzi vya uyoga hutaga kwenye mifuko na kueneza ukungu. Hapa kuna jambo ambalo mafundi hulisahau. Neti yenye vitundu vidogo inazuia sehemu kubwa ya hewa, kwa hiyo tundu lenye neti lazima liwe kubwa karibu mara mbili ya lisilo nayo.

Pwani una bahati ya upepo. Kaskazi inavuma kutoka kaskazini-mashariki kuanzia Novemba hadi Machi, na kusi inatoka kusini-mashariki katikati ya mwaka. Ukiuelekeza upande mrefu wa banda kaskazini na mwingine kusini, kuta fupi ndizo zinazopigwa na jua la asubuhi na la jioni, na upepo wa misimu yote miwili unagusa ukuta mmoja mrefu kwa mshazari. Tundika magunia ya juti yaliyolowa mbele ya matundu, kwa umbali wa mkono, ili upepo usipige mifuko moja kwa moja.

Udhaifu wa banda hili ni wa aina mbili. Kwanza, halina usukani. Siku hewa ya nje imesimama kabisa, na Machi huwa zipo siku kama hizo, hakuna kitu cha kubonyeza. Pili, usafi wake ni mgumu. Udongo na makuti yanahifadhi mbegu za ukungu, wadudu na wakati mwingine panya. Kupaka chokaa kuta za ndani kila baada ya mzunguko wa mifuko kunasaidia sana, na karatasi ya nailoni chini ya makuti inazuia takataka zisidondokee mifukoni. Lakini kama umeshawahi kupoteza mifuko kwa ukungu wa kijani humo ndani, itakubidi ukae bila kulima kwa wiki kadhaa, banda likiwa wazi na kavu.

Chumba cha tofali, bati na feni

Hiki ndicho watu wengi wa mjini wanacho tayari, chumba cha uani kisicho na mpangaji. Kinasafishika, kinafungika, na kina umeme. Adui yake ni bati. Bati tupu kwenye jua la saa saba linachoma mkono, na joto hilo linamiminika chini juu ya mifuko. Hakuna feni ya bei ya kawaida itakayoshindana nalo. Fanya paa kwanza: dari ya silingibodi yenye nafasi ya hewa juu yake, na matundu kwenye pembe za paa ili joto la darini litoke. Kama dari haiwezekani, tandaza makuti juu ya bati. Rangi nyeupe juu ya bati nayo inasaidia. Chokaa inafanya kazi hiyohiyo kwa bei ndogo, ila mvua inaiosha.

Baada ya paa, feni ya kutoa hewa. Hesabu yake si ngumu. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye kimo cha mita 2.5 kina ujazo wa mita 30. Mamama ikiwa inazaa, badilisha hewa yote mara nne hadi sita kwa saa, yaani mita za ujazo 120 hadi 180. Feni ya inchi 4 iliyozoeleka vyooni inatoa kama 90 hadi 100, haitoshi. Ya inchi 6 inatoa zaidi ya 200 na inatumia wati 30 hivi. Hata ikizunguka usiku na mchana, haifiki uniti moja kwa siku. Ifunge juu ukuta mmoja, na tundu la kuingizia hewa liwe chini kwenye ukuta wa pili, ili hewa ipite chumba kizima. Washa kijiti cha udi ukishike karibu na tundu, kisha karibu na rafu ya katikati, kisha pembeni. Moshi utakuonyesha kona ambazo hewa haifiki. Katika vyumba vingi kona hizo ni nyuma ya mlango na chini ya rafu iliyo upande wa feni.

Ukilinganisha na banda la udongo, chumba hiki kinashinda kwa pumzi na usafi, na kinashindwa kwa joto. Feni inaleta hewa ya nje ilivyo. Nje kukiwa nyuzi 32, ndani hakutashuka chini ya hapo kwa sababu ya feni, na ikizunguka kupita kiasi inafagia unyevu wote. Kitu cha kununua pamoja nayo ni kizimio cha saa, kile cha kuzungusha, ili iwake dakika 15 na kupumzika 15, na usiku, hewa ikiwa imepoa, iachwe iwake mfululizo. Usiku ndio wakati wa kukusanya ubaridi. Kuta za tofali zikipoa mpaka alfajiri, zinakubeba hadi saa tano au sita mchana, nawe unafunga matundu na kubakiza feni ya vipindi tu.

Maji ya kunyunyizia yapimwe kwa ulimi. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na chumvi inaacha madoa ya kahawia kwenye kofia. Ukitumia mashine ya kutengeneza ukungu wa maji, maji ya namna hiyo yatatandaza vumbi jeupe kila mahali na kuiziba mashine. Kinga maji ya mvua, au nunua ya kunyunyizia peke yake. Nyunyiza kuta, sakafu na hewani, kisha ufungue matundu ili kofia zikauke ndani ya saa mbili tatu.

Ukuta wa mkaa

Wanaohifadhi mboga na maziwa bila umeme wanalifahamu jokofu la mkaa. Hapa wazo ni lilelile, ila limefanywa ukuta wa chumba. Unasimamisha fremu ya mbao, unapigilia wavu wa kuku pande zote mbili na kuacha nafasi ya sentimita 10 katikati, kisha unaijaza mkaa wa vipande. Vumbi la mkaa halifai, maana linaziba na hewa haipiti. Osha mkaa kwanza mpaka maji yatoke meupe, la sivyo uyoga wako utapata vumbi jeusi. Juu yake unapitisha bomba lenye vitundu, likilishwa na pipa lililoinuliwa, na chini unaweka mfereji unaorudisha maji kwenye ndoo. Ukuta wa pili, ule unaoutazama, una feni inayovuta. Feni ikivuta, hewa haina njia ila kupitia kwenye mkaa uliolowa, na inaingia ikiwa imepoa na ina unyevu wa asilimia 80 au zaidi.

Angalia kilichotokea hapo. Njia hii inatatua mvutano niliousema mwanzoni. Kwenye chumba cha tofali kila hewa unayoingiza inakuibia unyevu. Hapa hewa inayoingia ndiyo inayouleta. Unaweza kuzungusha feni kubwa bila kukausha kofia, na kwa kweli ni lazima iwe kubwa, kwa sababu sasa hewa yenyewe ndiyo inayobeba joto kulitoa nje. Kwa kupumua tu, mabadiliko manne hadi sita kwa saa yanatosha. Kwa kupooza, panga 30 au zaidi. Chumba chetu cha mita za ujazo 30 kitataka feni ya mita 900 kwa saa, ya inchi 12 hivi. Kwa hewa ya Dodoma hiyo itakula lita tatu hadi nne za maji kwa saa ya mchana, yaani ndoo mbili za lita 20 kwa siku ya kazi. Rafu za karibu na feni weka mbali kidogo na mkondo wa moja kwa moja.

Lakini mlango ukivuja, umefanya kazi bure. Hewa hufuata njia rahisi, na ufa wa kidole chini ya mlango ni rahisi kuliko sentimita 10 za mkaa. Udi tena: upitishe kwenye kila kiungo feni ikiwa inazunguka, na kila mahali moshi unapovutwa ndani nje ya ukuta wa mkaa, ziba. Chumvi ya maji nayo inajikusanya kwenye mkaa, kwa hiyo mwaga maji ya kwenye ndoo ya chini kila wiki na uweke mapya, na ubadilishe mkaa unapoona umeganda weupe. Mawe mepesi ya volkano, yanapopatikana, yanadumu zaidi ya mkaa.

Kwa Dodoma, Singida, Shinyanga na maeneo mengine makavu, sioni sababu ya mkulima mdogo wa mamama kutazama kwingine wakati wa kiangazi. Msimu wa mvua ukifika hewa inashiba maji na ukuta unapoteza nguvu, lakini msimu huo joto nalo huwa limepungua. Kwa Tanga, Mombasa, Dar, Unguja na Lindi, jibu langu ni hapana. Vipimajoto viwili vitakuonyesha kwa nini. Fedha ya ukuta ipeleke kwenye paa na kwenye mbegu inayostahimili joto.

Kiyoyozi

Ndicho pekee kinachoweza kushuka chini ya kikomo cha maji, kwa hiyo ndicho pekee cha kumlimia mtu uyoga wa kifungo, au *ostreatus* ya ubaridi, akiwa pwani. Kama una mkataba na hoteli zinazotaka uyoga huo mwaka mzima, na chumba kimezibwa kwa ubao wa povu kuta na dari, hesabu inaweza kukubali.

Hesabu yenyewe ni hii. Kiyoyozi cha nguvu farasi moja kinakula uniti 0.8 hivi kwa saa kikiwa kinafanya kazi. Kikifanya kazi saa 10 kwa siku, ni uniti 240 kwa mwezi. Kwa umeme wa kawaida wa LUKU, ambapo shilingi 10,000 zinakupa takriban uniti 28, hiyo ni kama shilingi 85,000 kwa mwezi kwa chumba kimoja kidogo, na ni kwa chumba kilichozibwa vizuri. Kwenye chumba cha bati tupu hakitapumzika kabisa.

Bili hiyo si tatizo pekee, wala si kubwa kuliko yote. Kiyoyozi kinakausha. Yale maji yanayodondoka kwenye bomba la nje yametoka kwenye hewa ya chumba chako, lita moja au zaidi kwa saa kukiwa na unyevu wa asilimia 90. Itabidi ununue mashine ya kuyarudisha, na mashine mbili zitashindana siku nzima kwa gharama yako. Tena, kiyoyozi cha ukutani hakileti hewa mpya. Kinazungusha ileile. Mtu anafunga chumba kwa sababu analipia ubaridi, hewa ya ukaa inapanda, uyoga unatoa miguu mirefu, naye anashusha joto zaidi akidhani ni joto. Feni ya kutoa hewa inahitajika hata hapa, na kila hewa inayotoka inatoka na ubaridi uliolipiwa.

Kuna afya yako pia. Mamama ikikomaa na kofia kubapa, inamwaga mbegu nyepesi kama unga, na kuzivuta kila siku kunaleta kikohozi, homa na kubanwa kifua kwa baadhi ya watu. Katika chumba kilichofungwa mbegu hizo zinazungushwa na kuziba vichujio vya kiyoyozi. Vuna kabla kingo za kofia hazijanyooka, toa hewa kwa dakika kadhaa kabla ya kuingia, na vaa barakoa. Ushauri huu ni wa vyumba vyote, lakini kwenye kiyoyozi si wa kuchagua.

Kontena la chuma ninalolisikia likisifiwa lipo kwenye kundi hili. Bila povu ndani na kivuli juu, ni bati pande sita.

Njombe, Makete, Lushoto na kwingine kwenye baridi

Huko swali linageuka, na wengi hujibu vibaya. Usiku wa Juni au Julai joto linashuka chini ya 10, mamama inasimama, na mtu anaingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga kila tundu. Jiko linatoa hewa ya ukaa inayoharibu uyoga, na linatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini. Usifanye hivyo hata kwa saa moja. Kuta za udongo mnene, dari ya chini, na *ostreatus* inayopenda ubaridi vitakutosha sehemu kubwa ya mwaka. Chumba cha giza ndicho chenye shida ya kweli, na dawa yake ni joto la mifuko yenyewe. Hapa, tofauti na pwani, isogeze ikaribiane, na ufuatilie joto la katikati ya mfuko kwa kipimajoto chenye ncha ya sindano.

Umeme ukikatika

Mlinganisho wa mwisho ni huu, na kwa maeneo yenye mgao wa umeme mimi huupa uzito mkubwa. Banda la udongo halijui kama umeme umekatika. Chumba cha feni kinabaki salama kama matundu yake ya chini na juu yanafunguka kwa mkono, kwa hiyo usikubali fundi azibe yote kwa sababu "feni ipo". Ukuta wa mkaa uendelee kumwagiwa maji na mlango wa upande wa pili ufunguliwe. Hewa itapita polepole na joto litapanda kidogo kidogo. Feni ya inchi 12 ya umeme wa jua yenye betri ndogo inaweza kubeba saa za mchana, na ndiyo ningeichagua tangu mwanzo kwa Dodoma.

Chumba cha kiyoyozi ndicho dhaifu kuliko vyote. Kimezibwa, kina mifuko inayotoa joto na hewa ya ukaa, na hakina tundu la kawaida. Ukiamua kukijenga, mwambie fundi aweke madirisha mawili yenye neti, moja chini na moja juu, yanayofunguka kwa nje, na komeo lake liwe mahali ambapo hata mtoto wa nyumbani anaweza kulifikia wewe ukiwa sokoni.